Farasi Mia Tatu, Kiu ya Mbuzi

Hakuna mtu aliyewahi kunilisha vizuri kama Mama Koku wa Boko, na hakuna aliyewahi kunichafulia jina kama yeye. Nilikuwa dukani kwangu Kinondoni, namuuzia fani belti kijana mmoja mbishi, simu ilipoita na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi ikasema, "Yusra, ni Deo hapa. Mama mdogo ametutoka asubuhi hii." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu, kisha nikamfungia yule kijana belti ambayo hata si ya gari lake. Ningependa kuandika kwamba nilihuzunika. Sikuhuzunika, nilikasirika. Kulikuwa na neno moja ambalo mwanamke yule alipaswa kulisema mbele ya mtu mmoja, neno la kunisafisha, na aliniahidi kwa machozi kwamba atalisema. Nilikuwa nalisubiri miaka yote hiyo, na sasa ameondoka nalo. Nilimkasirikia maiti, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliofanya kazi kwenye gereji ya Deo kule Keko, nikiwa na miaka ishirini na kitu na nikijiona mjanja wa mjini. Gereji ilibanwa katikati ya maseremala, huku makochi, kule vitanda, na vumbi la msasa liliingia kila mahali mpaka kwenye chai. Deo aligombana nao kila siku ya Mungu. "Nyie mnataka injini zangu zivute mbao?" aliwauliza, nao wakamjibu kwamba wao walikuwepo pale tangu yeye ananyonya. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye maneno matamu, na tulimwita braza kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Kazi yake ilikuwa moja tu: Mark Two za tabo. Vijana wenye ajira nzuri mjini walikuwa wanaziagiza kutoka Japani, zimeshatumika huko, na zikitoka bandarini walizileta kwake aziongezee nguvu. Siku nzima pale ilikuwa kelele za randa upande mmoja na mluzi wa tabo upande mwingine, na mimi katikati nilijiona nimefika.

Kwa asiyejua, tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia injini hewa zaidi. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi, ndipo nguvu inapopatikana. Hakuna muujiza. Ukikanyaga, unasikia mluzi, mgongo unabanwa kwenye kiti, na mafuta yanakwenda. Usipokanyaga, tabo inalala na gari linatembea kama la mzee wa kanisa. Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ndogo ya kuonyesha presha ya tabo, na Deo alinifundisha kuendesha jicho langu likiwa kwenye mshale wake, usipande, usipande. Sikuchukua muda kujua. Mimi udereva nimejifunzia kwenye pikapu ya kusambaza mayai, na mtu aliyepitisha trei za mayai kwenye barabara ya Mbagala ya wakati ule, na mashimo yake yale, anajua adabu ya mguu. Mpaka leo vijana wakija dukani kuniuliza, "Mama, tabo inakula sana?" huwa nawajibu kwamba inakula kile unachoipa. Wanadhani nawatania.

Shida ya biashara ya Deo ilikuwa hiyo kiu. Wateja walitaka nguvu, lakini wengi wao walikuwa na wake, na watoto shuleni, na foleni ya Mwenge kila asubuhi. Mtu alilichukua gari akicheka, mwezi haujaisha anarudi amenuna. Ndipo Deo alipokuja na maneno yake, akayaandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa gereji: FARASI MIA TATU, KIU YA MBUZI. Alisema amegundua namna ya kuiseti kompyuta ya gari ili nguvu ibaki na kiu iondoke. Wala hakutaka mtu aamini kwa maneno tu, alitaka apime. Tulikwenda na mteja mpaka kituo cha mafuta, tukajaza tangi mpaka mdomoni. Mhudumu alijaza, sisi tukalitikisa gari, povu likashuka, akaongeza, tukatikisa tena, mpaka mafuta yakaonekana yanameta shingoni. Kisha mimi nilishika usukani, mteja akakaa pembeni yangu, tukaenda mpaka Boko na kurudi, na kwenye pampu ileile tukajaza tena mpaka palepale. Kilichoingia ndicho kilichotumika. Mteja alipiga hesabu mwenyewe kwenye simu yake, na nilipenda sana kuziangalia sura zao wakati ule, zinavyokunjuka. "Gari ni zuri," Deo aliwaambia, "lakini muoneni na huyu binti. Huu mguu ni dawa." Nami nilivimba kichwa.

Pale Boko palipokuwa pa kugeuzia ni nyumbani kwa Mama Koku, mama mdogo wa Deo, aliyemlea. Deo alisema tabo iliyotoka safari haizimwi ghafla, lazima ipumue kwanza, na kwa hilo hakudanganya. Magari yale yalifungwa kifaa kinachoiacha injini ingurume kwa dakika kadhaa hata ukishachomoa funguo. Basi tuliegesha ubavuni mwa nyumba, karibu na jiko la nje penye kivuli, milango ya gari tukaiacha wazi, na sisi tukakaribishwa ndani. Hapo ndipo kila mteja aliposhindwa. Walikuwepo walioapa tangu Keko kwamba hawaondoi macho yao kwenye gari hata kidogo. Mmoja alifunga safari na chapati zake kwenye mfuko ili asije akatamani cha mtu. Lakini umeingia kwa watu saa ya chakula, mama mtu mzima amesimama mlangoni, umeshampa shikamoo naye ameitikia marahaba, anakwambia, "Karibu mezani, baba," utamjibu nini? Utamwambia hapana, mimi nabaki nje nalinda gari? Hakuna aliyelelewa mji huu anayeweza kulitamka neno hilo. Na wale waliosita kidogo, ni mimi niliyewasukuma. "Twende tu, kaka," niliwaambia, "ukikataa Mama atajisikia vibaya."

Sebule ile naiona mpaka leo. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo vya kioo ambavyo sikuwahi kuona vikitumika, picha ya Moyo Mtakatifu, na pazia zito la rangi ya damu ya mzee ambalo halikufunguliwa hata mara moja, eti vumbi. Televisheni ilikuwa na kwaya muda wote, sauti juu. Na meza, jamani, ile meza. Ndizi za nyama zilizoiva zikalegea, maharage ya nazi aliyojifunza kupika baada ya kuhamia pwani, sato wa kukaanga mzima na macho yake, na msimu wa senene, wale panzi wa kwao Bukoba, ukifika alinitolea kibakuli changu peke yangu na kucheka nilivyokuwa nafumba macho ili nimeze. Mteja Mwislamu hakuhitaji hata kuuliza. "Nyama imetoka bucha ya Mzee Shabani hapo njiani, kachinja mwenyewe. We kula kwa raha zako." Katikati ya chakula, kila mara, Mama Koku aliinuka kwenda kutazama sufuria jikoni. Alirudi na bakuli la mchuzi wa moto, na mikono yake inanukia ndimu. Niliipenda harufu ile. Nilidhani anakata shombo ya samaki, hata zile siku ambazo mezani hapakuwa na samaki.

Alinipenda, au ndivyo nilivyoelewa. Aliniita mwanangu, alinifungashia chakula cha kupeleka nyumbani, alinisema nilipokonda. Siku moja nilikuwa kwenye korido nanawa mikono, nikamsikia anaongea na Deo kwenye simu. "Huyu binti usimwache aende," alisema. "Hana hila hata ya dawa. Mtu akimwangalia tu usoni, anaamini." Nilibaki nimesimama pale na maji yanachuruzika viganjani, nimejawa na furaha kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni. Sikuthubutu kukohoa, nisije nikajulikana kwamba nimesikia. Maneno yale nimeyarudia kichwani miaka yote hii, na sijui kama kuna sentensi nyingine ya Kiswahili iliyowahi kunifurahisha na kunitia uchungu kiasi kile kwa nyakati tofauti. Hakusema uongo hata kidogo. Alikuwa ananieleza nilivyo, na kazi niliyokuwa naifanya bila kujua.

Sasa nije kwa Hamisa. Hamisa alikuwa shoga yangu tangu madawati ya shule, ndiye aliyeijua siri yangu ya kwanza na mimi yake. Mwaka huo alikuwa ameolewa karibuni na Idrisa, kijana wa familia ya Kiarabu ya wauza vitambaa wa siku nyingi, mpole, mwenye wivu. Waliishi Tegeta, na Hamisa alikuwa karani kwenye ofisi moja Temeke, kwa hiyo kila siku aliukata mji mzima kwenda na kurudi. Idrisa alitaka wanunue kigari chenye injini ndogo. Hamisa aliitaka Mark Two ya tabo, nyeupe, aliyoiona kwetu gereji akaizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe. "Shosti, Idrisa anasema litatufilisi hili," aliniambia. "Mie nakusikiliza wewe tu. Linakunywa halinywi?" Nikamwambia asihangaike, tutalipima. Tulikwenda Boko, tukala ndizi, Mama Koku akamuuliza atazaa lini, tukacheka mpaka machozi, tukarudi kwenye pampu, na lile tangi likapokea mafuta kidogo mno. Hamisa alinikumbatia palepale kituoni. Siku ile alimpigia mumewe mbele yangu akamwambia, "Yusra kapima mwenyewe. Halinywi."

Hawakukaa nalo sana, malalamiko yakaanza. "Yusra, hili dude linakunywa." "Mguu wako mzito, shosti," nilimjibu. Ndilo jibu alilotufundisha Deo kuwapa wote waliorudi na manung'uniko, na mimi niliamini kama ninavyoamini jua. Nilipanda naye, nikakaa pembeni yake kama mwalimu wa zamu, nikimwonyesha mshale wa presha, nikimkemea kila ulipotikisika. Alijitahidi mpaka akawa anapigiwa honi na bajaji. Mafuta yakaendelea kuisha. Siku moja katikati ya somo langu aliegesha pembeni, akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia. Nikamwambia asikate tamaa, mguu huzoea.

Kisha akaja Keko mchana mmoja, hakuja gereji, akakaa kwenye kochi la seremala ambalo bado halijavishwa kitambaa, akaniita. Macho yalikuwa yamevimba. "Idrisa ananiuliza nakwendaga wapi," alisema.

"Kwenda wapi kivipi?"

"Anasema gari halili mafuta, rafiki yako kapima. Sasa haya yanayoisha yanaishia wapi? Nikitoka kazini mie napitia kwa nani?" Akaifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mama mkwe naye kashaingia. Wanahesabu kabisa, Tegeta Temeke, Temeke Tegeta, inabaki safari nzima ambayo sina pa kuieleza. Idrisa kaniambia atakuja kupima mwenyewe, wewe ukiendesha. Akikuta ni kweli halinywi, nirudi kwetu."

Nilimwambia hayo ni maneno ya hasira tu. Lakini nilipobaki peke yangu nilianza kupiga hesabu mwenyewe. Idrisa hakuwa amemfumania mkewe, hakuona ujumbe, hakusikia umbea. Ushahidi wake wote ulikuwa mguu wangu. Nilimjua Hamisa, nilijua hana pa kupitia zaidi ya kwa muuza mihogo, na bado kichwani sikuweza kulifumbua fumbo lile. Gari nimelipima, na Hamisa hadanganyi. Nikaamua gari litakuwa limeharibika baada ya kutoka kwetu, na nikaanza kuomba, kwa mara ya kwanza tangu niingie gereji ile, kwamba tuende Boko na gari linywe.

Siku Idrisa alipokuja sikungoja Mungu afanye kazi peke yake. Tulijaza mpaka mdomoni, tukatikisa, tukaondoka, na tangu barabarani nilikanyaga. Kila penye nafasi niliiamsha tabo, mluzi unalia, mshale unapanda, ikifika foleni nafunga breki, ikiachia nakanyaga tena. "Shemeji, leo una haraka?" Idrisa aliuliza, ameshika mkanda. "Nakimbia foleni, shemeji," nikamjibu. Tulipofika Boko nilitazama mshale wa mafuta, ulikuwa umeshaachana na ile alama ya juu, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale. Moyo wangu ulitulia. Nilijua tukirudi pampuni na kujaza, Hamisa ameokoka. Niliegesha palepale pa siku zote, tukaingia, Idrisa akatoa shikamoo, akaketi. Mama Koku alikuwa amepika sato na wali wa nazi. Idrisa alikula kama mtu ambaye hajala vizuri kwa siku nyingi kwa sababu nyumbani kwake hakuna anayezungumza. Mama akaenda kuangalia sufuria. Idrisa akajipapasa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akasema kasahau simu kwenye gari. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mchuzi. Nikasema kaa, shemeji, naileta mimi.

Nilipita mlango wa jikoni. Mama Koku alikuwa ameinama ubavuni mwa gari, kidumu kimeegemea gotini, faneli kwenye mdomo wa tangi, kanga ameikunja vizuri isilowe. Injini inanguruma, kwaya inaimba ndani, na mkaa unawaka jikoni pale karibu, sijui Mungu alikuwa anatuvumilia vipi siku zote zile. Alikuwa anamimina polepole, kwa subira, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Juu ya dirisha la jiko kulikuwa na nusu ya ndimu iliyokwisha kukatwa. Aliinua macho akaniona, wala hakushtuka. "Rudi ndani, mwanangu," alisema. "Samaki anapoa."

Na mimi nilitaka kurudi, nasema kweli. Miguu yangu ilikuwa imezoea kumtii. Nilisimama pale nikiwaona wote niliowahi kuwaleta, mmoja mmoja, wakinawa mikono, wakisifia mchuzi, na mimi nikiwaambia ongezeni, msione aibu. Kisha nikamkumbuka Hamisa kwenye lile kochi lisilo na kitambaa, nikapiga kelele. "Shemeji! Njoo uone! Njoo uone!" Idrisa alitoka mbio, vidole vinachuruzika mchuzi. Akakitazama kidumu. "Umeona?" nilimwambia, na nakumbuka nilikuwa nacheka, nilifurahi kiasi hicho. "Gari linakunywa! Wanaongeza huku sisi tunakula! Hamisa hajaenda popote!"

Mama Koku alikiweka kidumu chini. Akafunga kifuniko cha tangi, akakibana vizuri, akajifuta mikono. "Baba, usikasirike," alimwambia Idrisa, kwa sauti ileile ya kukaribishia wageni. "Ni mambo ya biashara tu haya. Yusra mwenyewe anajua. Siku zote anajua. Leo sijui kapatwa na nini."

Idrisa alinigeukia. Nikaona anavyopanga mambo kichwani, na jinsi yanavyopangika: mimi ndiye dereva, mimi ndiye ninayeegesha pale, mimi ndiye ninayemwambia kila mtu ingia ndani Mama atajisikia vibaya. Hata mimi ningekuwa yeye nisingejiamini. "Ulikuwa unajua," alisema polepole. "Unajua, na unaniacha nimwite rafiki yako malaya ndani ya nyumba yangu." Alichukua funguo, akaondoka na gari, hajanawa hata mkono. Nilibaki uani na Mama Koku. Akaniambia nikae, atanipakulia. Nikatoka kwa miguu mpaka barabara kubwa.

Ndoa ya Hamisa ilipona. Idrisa alimwangukia mkewe, na mama mkwe naye akaja na maneno laini, nilisikia kwa watu. Kwangu Hamisa alikuja siku iliyofuata, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. "Uliniambia mguu wangu mzito," alisema. "Nikalia mbele yako. Ukanitazama." Nikaapa kwa kila ninachokijua. Akaniuliza swali moja tu: "Yusra, umekula kwa yule mama mwaka mzima. Ulikuwa huoni?" Nilikuwa sioni. Hilo ndilo jibu la kweli, na hakuna jibu linalofanana na uongo zaidi ya hilo. Aliondoka, na hadithi ikaondoka naye. Kwenye kitchen party ya mwenzetu mmoja sikuitwa. Kwenye nyingine niliitwa, nikakuta mazungumzo yanazima nikikaribia. Nyumbani, posa moja iliyokuwa njiani ikakaa kimya hukohuko njiani, kwa sababu nani anataka mkwe aliyekuwa chambo cha matapeli? Deo nilipomwendea aliinua tu mabega. "Sista, si ungenyamaza tu siku ile? Mbona ingepita." Akafunga gereji akahamia Chamazi, akafungua nyingine, na nasikia aliendelea vizuri sana.

Nilirudi Boko mara moja tu mwaka ule, mchana, sikukubali kuketi. Mama Koku alilia kabla sijasema neno. "Nilishikwa, mwanangu. Nilimwona Deo anaingia jela, na yule mtoto nimemlea kwa mikono hii. Nikatafuta pa kuutupa ule mzigo." Akanitazama. "Wewe nilijua utanisamehe." Sijui kama kuna aliyewahi kunitukana zaidi ya hapo. Nikamwambia sitaki machozi yake, nataka aende kwa Hamisa amwambie sikujua. Akasema, "Nitakwenda. Kwa kinywa changu mwenyewe." Nikasubiri. Nilisubiri wiki, nikasubiri mfungo, nikasubiri Idi, siku ambayo watu husameheana hata madeni ya damu, na Hamisa hakupiga simu. Basi nikajua hakwenda. Nikafungua duka langu la spea, nikaolewa nikiwa nimechelewa na mtu wa Tanga asiyejua habari zetu, na kila nilipokula ndizi za nyama mahali popote nilikasirika upya. Watu husema mtu aliyekutenda ubaya humpendi tena. Mimi nilimpenda Mama Koku na kumchukia kwa pamoja, na kilichonisumbua zaidi ni kwamba kati ya hayo mawili sikujua lipi lilikuwa na haki.

Kwenye msiba nilifika kabla ya mwili kuagwa. Nyumba ilikuwa imewekwa vigae, pazia limebadilishwa, turubai limejaa uani palepale tulipokuwa tunaegesha. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao, anazunguka na birika la chai kama binti wa nyumbani, akijua vikombe vilipo na nani hatumii sukari, alikuwa Hamisa. Amenenepa, amevaa miwani. Aliniona, akaliweka birika chini, akanivuta mkono mpaka nyuma ya nyumba.

"Pole," alisema.

"Pole na wewe. Sikujua kama mlikuwa mnajuana kiasi hiki."

"Alikuwa mama yangu huyu, Yusra. Watoto wangu wote kanilelea arobaini zao." Akavua miwani, akaifuta kwenye ushungi, akaivaa tena. "Aliniambia. Kwamba hukujua."

Nilidhani anasema siku za mwisho, kitandani. Nikamuuliza aliambiwa lini.

"Mwaka uleule. Hata mfungo ulikuwa haujaingia. Alikuja na mkungu wa ndizi, akapiga magoti sebuleni kwangu, mbele ya Idrisa, akasema yule binti mimi ndiye niliyemsingizia." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nikamwambia nitakutafuta mwenyewe, nikamwomba asije kwako kabla yangu."

"Na mbona hukunitafuta?"

Ndani walianza wimbo wa kuaga. Hamisa aliongea kama mtu anayeeleza jambo la kawaida ambalo mwenzake angelielewa bila shida. "Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu," alisema. "Ningeanzia wapi kurudi kuwaambia?"

Sikumpiga, na sikupaza sauti. Nililia, na nililia vibaya, na akina mama wakaja wakanishika mabega wakiniambia nijikaze, marehemu amekula chumvi nyingi, tumshukuru Mungu. Hamisa alikaa pembeni yangu, akanishika mkono, na nikasikia mmoja akimwambia mwenzake angalia wanavyompenda mama yao. Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake. Nikainuka, nikapanga foleni na wengine mpaka kwenye jeneza. Alikuwa amekuwa mdogo, uso umepungua, rozari vidoleni. Niliinama, na aliyekuwa nyuma yangu alifikiri namwombea.

"Kumbe ulisema, Mama," nilimwambia. "Kumbe ulisema."